Kurasa za Mwisho za Selo Namba Tano

Sogeeni karibu, na mwenye roho nyepesi azibe masikio mapema, maana kisa hiki kina damu.

Palikuwa na wafungwa watatu katika selo namba tano ya gereza moja la bara. Wa kwanza, Ambilikile, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kufungwa, na kipaji chake kilikuwa sauti. Akisoma kitabu, wasikilizaji walikuwa kama wanaona kwa macho. Wa pili, Masunga, alijaliwa ustahimilivu. Ungeweza kumpiga mpaka mkono wako ukachoka, na siri yake usiipate. Wa tatu, Shekue, alifungwa kwa utapeli, na kipaji chake kilikuwa uongo. Alidanganya bila kupepesa macho, tena papo hapo, tena kwa mpangilio.

Selo hiyo ya watu hamsini ilikuwa chini ya nyapara Kachenje, mfungwa wa maisha ambaye askari walimpa kazi ya kuwasimamia wenzake. Silaha yake ilikuwa mkanda wa ngozi wenye bizimu nzito ya chuma. Mwezi wake wa kwanza humo, Ambilikile alimwona akimvunja mtu taya kwa sababu ya blanketi. Mwezi wa pili alimwona akimkanyaga mwingine vidole, kimoja kimoja, kwa kosa la kukohoa.

Kilichomtuliza Kachenje kilikuwa hadithi. Kwenye sanduku la vitabu vya msaada, Ambilikile alikuta riwaya mbili za vijana, sehemu ya kwanza na ya pili ya kisa cha mji uliozungushiwa ukuta. Katika mji huo, kila aliyetimiza miaka kumi na sita alipigiwa kura, na aliyeangukiwa alishushwa chini ya ardhi kusukuma mitambo ya hewa mpaka afe. Msichana mmoja, Tindi, aliapa kulifungua lango la mji. Ambilikile akawa anasoma kwa sauti kila jioni wakishafungiwa, na Kachenje akasogea kusikiliza. Kwa wiki kumi na moja mkanda haukutoka kiunoni mwake.

Sehemu ya pili ikaisha. Kaka yake Tindi alikuwa ameuawa, nusu ya mji imetekwa.

"Mwalimu, lango linafunguliwa lini?" Kachenje akauliza.

"Sehemu ya tatu, mzee."

"Basi iletwe."

Haikuletwa wiki hiyo, na mkanda ukatoka tena.

Masunga ndiye aliyekwenda kuitafuta. Alikuwa kwenye genge la kufyeka nyasi mjini, na mama mmoja wa maktaba alimwahidi kumpatia. Akimsubiri, alichelewa kurudi kwenye mstari, na walipofika getini askari wakataka kujua alikuwa wapi. Hakusema. Kitabu alikuwa amekifunga tumboni chini ya shati, kwa hiyo aliukumbatia ukuta, akawaachia mgongo. Marungu yalimshukia mpaka mbavu mbili zikavunjika. Mtu yeyote angejikunja, lakini yeye angejikunja kitabu kingeonekana. Akabaki wima. Aliingia selo akikojoa damu, akakitoa kitabu hakina hata doa.

"Soma," akamwambia Ambilikile, akalala kifudifudi.

Kilikuwa kitabu kibaya. Ambilikile alilijua hilo alipofika ukurasa wa hamsini. Tindi, aliyepambana na askari kwa nondo, sasa alishinda akijiuliza ampende nani kati ya vijana wawili, sura baada ya sura. Wenzake waliokuwa wakipigana naye walisahauliwa kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa. Ambilikile alisoma kwa nguvu zake zote. Penye kuchosha alinong'ona, penye upuuzi alipandisha sauti, na kwa siku tatu watu hamsini walikaa kimya kwa ajili ya sauti yake tu. Lakini mwisho ulimshinda. Mtawala wa mji ule alikufa kwa homa, katika sentensi moja. Tindi akaolewa na mwanawe. Lango halikutajwa tena.

Kachenje akasimama.

"Umeficha kurasa."

"Sijaficha, mzee. Ndivyo kilivyoandikwa."

Mkanda ukaja, bizimu mbele. Pigo la kwanza liling'oa meno. La pili lilipasua jicho la kushoto, na Ambilikile aliposikia kitu cha moto kikimtiririka shavuni, alijua jicho hilo limekwisha.

"Au Masunga ndiye kaleta kitabu cha uongo?" Kachenje akageuka kumwelekea yule wa mbavu, ambaye hakuweza hata kujiinua.

Ambilikile aliona upenyo wa kupona. Angekubali kwa kichwa tu, basi. Badala yake aliukamata mguu wa nyapara.

"Mwache! Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesoma vibaya!"

Kachenje akamzungushia mkanda shingoni, akavuta.

Hapo selo ikalipuka. Waliomchukia nyapara waliinuka, na wapambe wake wakawapokea kwa ndoo na mateke. Kijiko kilichonolewa kilizama kwenye paja la mtu. Kichwa cha mwingine kiligongwa sakafuni mara tatu. Nje filimbi zikaanza kulia, na kila mmoja alikumbuka selo namba mbili, ambako askari walikuta vurugu kama hiyo wakafyatua risasi, zikatolewa maiti nne.

Shekue akaruka juu ya ndoo.

"Kurasa za mwisho ninazo mimi! Nilizichana nikaziiba!"

Alichoshika kilikuwa nakala ya hukumu yake mwenyewe. Kachenje hakujua kusoma, lakini angeitwa yeyote anayejua, Shekue asingeliona jua la kesho. Hata hivyo alizikunjua karatasi, akaanza. Alisoma jinsi Tindi alivyotoroka harusini na gauni lake, akashuka kwa wale wanaosukuma mitambo ya hewa. Jinsi walivyogundua kwamba jeneza la mtawala lilikuwa tupu, wakamkokota kutoka mafichoni, wakamfunga kwenye mtambo asukume na yeye. Jinsi mikono mia tatu ilivyovuta minyororo ya lango mpaka kucha zikang'oka.

"Likafunguka?" Kachenje akauliza, mkanda bado mkononi.

"Likapiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa, mzee. Likafunguka."

Mkanda ukalegea. Ambilikile akavuta pumzi. Askari walipofungua mlango, bunduki mbele, walikuta watu hamsini wameketi, wengine wakivuja damu, wakimsikiliza mtu aliyesimama juu ya ndoo. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Siku ya tatu Sajini Hizza aliwaita wote watatu ofisini.

"Bila nyinyi ningekuwa nazika watu," alisema. "Kachenje siwezi kumgusa, ana wakubwa wake. Lakini jikoni kuna nafasi moja. Wa jikoni wana chumba chao, yeye hawafikii. Mwalimu, nitajie jina. Usiponitajia, jioni hii nafasi inakwenda selo nyingine."

Ambilikile akawatazama wenzake kwa jicho lililobaki. Daktari alikuwa amesema pigo moja zaidi kwenye mbavu za Masunga litatoboa pafu. Kachenje alikuwa ameshazidai zile kurasa za Shekue, azisomewe upya Jumapili na mfungwa mgeni aliyekuwa karani wa mahakama. Na yeye Ambilikile aliahidiwa na Kachenje kupoteza jicho la pili, kwa kusoma vibaya.

"Nisingekileta kile kitabu, mwalimu, ungekuwa na macho mawili," Masunga alisema taratibu. "Mimi niache."

"Mimi nitabuni jambo, afande," Shekue akasema. "Kubuni hakunishindi." Lakini kwa mara ya kwanza tangu wamjue, sauti yake ilitetemeka.

Ambilikile akasikia jina lake mwenyewe likija ulimini kabla ya mengine. Akaona aibu. Kisha akajiuliza aibu ya nini, kwani jicho lile alilitoa nani kama si yeye?

"Haya, mwalimu," Sajini akasema, daftari wazi mbele yake.

Ambilikile akafumbua mdomo.

Mimi sitawaambia alisema nini. Masunga asingestahimili, pasingekuwa na kitabu. Ambilikile angemnyooshea kidole mwenzake, Masunga angekufa pale pale. Shekue asingedanganya, risasi zingemaliza waliobaki. Mlango wa jikoni unaingiza mmoja, na wawili wanarudi kwa Kachenje. Wewe unayenitazama hivyo, ungekuwa mbele ya Sajini, ungemtaja nani?