Jina la Mtoto wa Korongoni

Hapo zamani, mimi sijapata ulimi wa kusimulia na nyinyi hamjapata masikio ya kunisikiliza, palikuwa na korongo lililoitwa Mng'aro. Sifa zake zilivuka mito! Kuta zake nyekundu na manjano, katikati kidimbwi cha maji ya uvuguvugu, na mwanamke mwenye mimba akioga humo, walisema, hujifungua salama. Watu walitembea siku tatu kwenda kuliona. Waliorudi walisimulia uzuri wake mpaka mate yakawakauka. Wasiorudi hawakusimulia kitu.

Sikudhani, mwanamke wa Milimani, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii aliilinda kwa hofu, hata ndoo ya maji hakuinua. Korongo hakulitaka. Aliyelitaka ni mama mkwe wake, Bi Mwantumu.

"Mama, mwendo wa siku tatu na tumbo hili?"

"Tutakwenda polepole, mwanangu. Wakaza wana wa wenzangu wote wameoga Mng'aro. Wangu tu ndiye aogee kwenye karai?"

Basi, safari ikafungwa. Sikudhani akabeba kifurushi kimoja, ndani yake kikanga cha kumpokelea mtoto, alichokitunza tangu mimba ya kwanza. Njiani akajiunga nao Mwinshehe, mtu wa Bondeni. Na mnajua, Milimani na Bondeni ni watani tangu enzi za mababu: mtani hukutukana usikasirike, hukupora kitu chako mchana kweupe nawe ukacheka tu. Huyo Mwinshehe sasa, alikuwa mtani kwelikweli! Siku ya kwanza akapiga kelele, "Nyoka!" Bi Mwantumu akaruka juu, kumbe hakuna nyoka. Siku ya pili, "Nyuki!" Sikudhani akajifunika gubigubi, kumbe hakuna nyuki. Wakamtukana, wakamcheka, safari ikawa tamu.

Siku ya tatu wakafika korongoni, wakampata Kobelo, mwongoza wageni, aliyezaliwa pale na kulijua kila jiwe. Kobelo akatazama milima ya mbali. Wingu jeusi lilikuwa limeikalia, na mvua ya huko maji yake huteremkia korongoni. Akawatazama wageni wake waliojaa hamu. Korongo lile lilikuwa fahari yake, na hakutaka mtu ageuke bila kuliona. Akanyamaza.

"Pana hatari yoyote?" Sikudhani akamuuliza.

"Hatari gani, mama? Jua lote hili!"

Wakaingia. Lo! Sikudhani akasahau hofu yote. Kuta ziliwaka rangi juu yake, maji yakamfika kiunoni, mtoto akacheza tumboni, naye akacheka kwa sauti. Alifurahi, jamani, alifurahi! Bi Mwantumu akatoka majini mapema, akapanda vidato vilivyochongwa ukutani ili akalitazame korongo kutoka juu.

Mara Mwinshehe, aliyekuwa amesimama mbele penye kona, akageuka mbio. "Maji! Maji yanakuja!"

Sikudhani akaangua kicheko. "Nyoka, nyuki, na sasa maji! Mtani, umeishiwa?"

"Mungu shahidi yangu, mtani, toka!"

"Sitoki!"

Mwinshehe hakubishana. Akakikwapua kile kifurushi juu ya jiwe, mguu niponye, akavipanda vidato. Hapo damu ikamchemka Sikudhani. Utani nao una mpaka! Kikanga cha mwanawe? Akatoka majini akichuruzika, akamfukuza, tumbo mbele, matusi mdomoni, kidato baada ya kidato. Alipofika katikati akasikia ngurumo. Akageuka. Maji mekundu yenye magogo ndani yake yalikuwa yamelijaza korongo ukuta kwa ukuta!

Akazidi kupanda, lakini karibu na juu kidato kimoja kilikuwa kimemeguka tangu Bi Mwantumu alipokipita. Mwinshehe aliliruka lile pengo akaenda zake, lakini Sikudhani na tumbo lile angelirukaje? Kobelo alikuwa nyuma yake. Angeweza kumpita akajiokoa. Hakumpita. Akajibana ukutani chini ya lile pengo, akainama.

"Kanyaga mabega yangu, mama! Kanyaga!"

Sikudhani akakanyaga. Juu kule, Bi Mwantumu akalala kifudifudi, akateremsha kanga yake, Sikudhani akaishika. Maji yakamzoa Kobelo. Bi Mwantumu akavuta. Bega likateguka, akavuta. Kucha zikang'oka, akavuta! Akavuta mpaka Sikudhani akatua juu, mzima, na mtoto akicheza tumboni. Mwinshehe alikuwa ameshafika mbali, kile kifurushi mkononi. Kobelo walimwokota jioni, amenasa kwenye matawi, yu hai, mguu umevunjika.

Miezi miwili baadaye Sikudhani akajifungua mtoto wa kike. Sasa sikilizeni desturi ya Milimani: aliyemwokoa mama mwenye mimba ndiye humpa mtoto jina, na huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Mtu mmoja, jina moja. Siku ya kumtoa mtoto nje, wakaja watatu.

Mwinshehe akasema, "Jina ni langu. Maneno uliyakataa, nikakutoa kwa kifurushi. Bila mimi ungekuwa bado unaoga."

"Ulikuwa unaikimbiza roho yako!" Kobelo akamjibu, akiegemea fimbo. "Hata nyuma hukutazama. Mimi njia ya kujiokoa niliiona, nikainama. Jina ni langu."

"Na wingu je, hukuliona?" Bi Mwantumu akafoka. "Uliliona ukanyamaza. Mimi nimemvuta kwa mkono huu ambao hauinuki tena. Jina ni langu."

"Na nani alinipeleka huko, mama?" Sikudhani akauliza, kisha akajuta, maana mama mkwe wake alimpenda sana.

Bi Mwantumu akainamisha kichwa. Aliyetania mpaka asisadikiwe, aliyejua akaficha, aliyeng'ang'ania safari: lakini siku ile angekosekana hata mmoja wao, mtoto yule asingezaliwa. Sikudhani akamwinua binti yake, akapiga hatua moja mbele. Wote watatu wakanyoosha mikono, Bi Mwantumu ule mmoja uliobaki.

Haya, msinikodolee macho mimi. Wewe unayetikisa kichwa hapo, anza wewe: mtoto awekwe mikononi mwa nani? Je, nani alistahili kumpa jina?