Mwalimu Siwema na Kura za Maoni

Isomeni yote kabla hamjaituma kwa mwenzenu anayejiandaa kuchukua fomu.

Mwalimu Siwema alistaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na miwili, akachukua fomu ya kugombea udiwani. Kata yao haikuwa na maji.

Kwanza zilikuja kura za maoni, ambapo wajumbe mia tatu wa chama wangemchagua mmoja kati ya watatu. Alikuwapo Ngonde, tajiri wa mbao aliyefyeka msitu wa chemchemi. Alikuwapo Luhende, tabibu mstaafu wa zahanati, mtu mwema. Na yeye Siwema.

Wiki tatu za kampeni zilimaliza kiinua mgongo chake. Akauza hata mabati aliyonunua ya kuezekea nyumba. Usingizi ukampaa. Kila alipohesabu wajumbe, jibu lilikuwa lile lile: Ngonde ana mia na ishirini, na waliobaki wamegawanyika kati ya Siwema na Luhende.

"Mama, mwachie Bwana Luhende," binti yake Tuli alimsihi. "Hata mafuta ya pikipiki huna."

Alikuwa ameshakubali moyoni, ndipo akaja Chilala, dalali wa mazao, akamwekea laki sita mezani.

"Usijitoe, mwalimu. Wengi tunakutegemea."

Siwema akazipokea. Aibu ya kujitoa ilimwelemea kuliko ufukara.

Asubuhi ya kura alipita duka la uchapaji kuchukua vipeperushi. Mchapaji akamwambia kwa nia njema, "Chilala ndiye aliyekusaidia? Mkarimu sana yule. Hata mabango yote ya Ngonde analipia yeye."

Hakupewa fedha zile ili ashinde, bali ili agawane kura na Luhende. Akisema, ataitwa mla rushwa mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Akinyamaza, Ngonde atapita.

Zamu yake ya kuomba kura ilipofika, alisimama ukumbini mbele ya wajumbe.

"Nilipokea laki sita kwa Chilala. Leo nimejua ni mtu wa Ngonde. Nitazirudisha, hata kwa kuuza shamba. Mlioniahidi kura, mpeni Luhende."

Wakamzomea. "Mbona hukusema siku ile?" mmoja akauliza.

Luhende naye akainuka taratibu. Siwema alidhani anakuja kumshukuru.

"Nami nilipewa laki sita," Luhende akasema, "na Chilala huyo huyo, siku niliyotaka kumwachia mwalimu. Nami nilishajua ni za nani, nikanyamaza. Kwa hiyo mpeni yeye, si mimi."

Chilala akatoroka kwa mlango wa nyuma.

Siwema akaona hatari mpya. Wakianza kusukumiana kwa adabu, kura zitagawanyika tena, na masanduku yalishaletwa.

"Nimekubali," akasema.

Kuhesabu kulichukua saa nzima, na saa hiyo hakuweza hata kunywa maji. Ngonde alipata mia moja ishirini na moja. Luhende kumi na nne. Siwema mia moja sitini na tano.

Hakushangilia. Alimtafuta Luhende kwenye msongamano, wakapeana mkono, kila mmoja akijua jinsi walivyoponea chupuchupu.

Funzo: Kabla hujamshukuru anayekusukuma mbele, uliza anamsukuma nani mwingine.