Mawe ya Mwanya wa Zhelung

Mmeuliza kwa nini kila avukaye mwanya ule kule juu huweka jiwe, kisha akapaza sauti. Ketini hapa penye jua, niwaeleze.

Zamani, kabla watu wa Himalaya hawajazoea kuvuka milima, bonde letu lilikuwa peke yake. Shayiri tulikuwa nayo, na maziwa ya yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Chumvi hatukuwa nayo. Yaki walilamba kuta mpaka ndimi zikatoka damu, wakaanza kufa. Ng'ambo ya mwanya kulikuwa na ziwa la chumvi, lakini wanaume wanane walikuwa wamelifuata na hakuna aliyerudi. Ukungu hushuka ghafla kule, na asiyeona njia huishia gengeni.

Mmoja wao alikuwa mume wa Dechen. Mwaka wa pili, Dechen alimfungia yaki wake unga na magunia matupu, akaenda kumuaga baba mkwe wake, mzee Gyaltsen.

"Mlima ule umekwisha kunichukulia mtoto," mzee alisema. "Na wewe nikuache uende?"

"Alikosa njia ya kurudi, baba. Mimi nitaiacha nyuma yangu."

Alisafiri siku tatu, akipanda mpaka mwanyani kisha akiteremka ng'ambo. Kila baada ya hatua ishirini aliinama akapanga mawe, ingawa vidole vilimpasuka kwa baridi. Alifika ziwani, akajaza magunia, akageuka.

Ukungu ulimkuta karibu na kilele. Hakuona hata mkono wake mwenyewe. Alimsimamisha yaki penye rundo la mawe, akashika ncha ya kamba ndefu, akawa anatambaa huku na huku mpaka akagusa rundo lililofuata. Ndipo akamvuta mnyama. Alifanya hivyo rundo kwa rundo, akilia na kuendelea.

Alipofika mwanyani ukungu ulipasuka, na chini akaona moshi wa nyumba zetu. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

Watu waliacha majembe wakakimbilia mlimani. Wa kwanza kumfikia alikuwa mzee Gyaltsen, na miaka yake sabini. Dechen alimtilia punje ya chumvi ulimini. Mzee akacheka, machozi yakimtiririka.

Wiki iliyofuata Dechen aliwaongoza watu thelathini kuvuka, na wote wakarudi.

Na tangu siku hiyo hakuna apitaye Zhelung bila kuongeza jiwe. Rundo la pale juu sasa limempita yaki kwa kimo. Kisha hupaza sauti, nasi huku chini tukiisikia huinjika chai, tukaitia chumvi.