Zimwi Lililoatamia Vifaranga

Sogeeni, wanangu, mkisikie. Mjane Mwatime alijenga banda la fito uani, akalea humo vifaranga wa kuku na wa bata mzinga. Kicheche akawaua mama zao, na masika yakaja na baridi kali.

Zimwi jike likabisha. "Mwatime, nifungulie niwaatamie."

"Utawala!"

Likabisha tena.

"Utawala!"

Mara ya tatu likasema, "Wangu walikufa kwa baridi, mwenzangu. Hawa wasife."

Mwatime akawagusa vifaranga, walikuwa wakipoa. Akafungua huku akilia. Zimwi likalala, likawafunika kwa nywele zake.

Kulipokucha vifaranga wote walikuwa wazima. Zimwi lilikuwa limekufa. Joto lake lote lilikuwa limewaishia wao.

"Zimwi halizikwi," majirani wakasema.

"Huyu alikuwa mzazi," akajibu Mwatime, akachimba kaburi kando ya la mumewe.

Kisa nimekitua hapa, atakaye akibebe.