Rundo Lililongoja Upepo

Inasimuliwa kwamba katika zama za wema waliotangulia, kwenye milima ya nchi ya mbali, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu aitwaye Mutarifu, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutoa madini ya risasi na fedha katika mawe. Na mawe yale, jamani, hayatoi fedha kwa kubembelezwa. Yana kiberiti ndani, ile salfa yenye harufu kali. Lazima kwanza yarundikwe juu ya kuni yachomwe siku nyingi, kiberiti kitoke kwa moshi, ndipo yaingie tanurini. Moshi huo hukausha majani na kula vifua vya watu. Umaima, mkewe, moshi huo ulikwisha kumlaza kitandani.

Mutarifu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuwasha rundo, huinua ncha ya kilemba autazame upepo. Ukielekea kijiji cha bondeni, hukaa chini akimdhukuru Mola wake mpaka ugeukie jangwani.

Mwaka mmoja, katika baridi kali, upepo uling'ang'ania bondeni. Msimamizi wa mgodi akachoka kungoja.

"Amiri anataka fedha yake," akasema. "Washa leo, au utoke na mkeo katika nyumba ya mgodi."

Mutarifu aliingia ndani. Aliogopa, tena sana, maana baridi ile ingemmaliza Umaima. Akamweleza yote. Maskini yule akakohoa, akapangusa damu mdomoni.

"Kifua changu nakijua, mume wangu," akasema. "Usiwagawie wenzangu wa bondeni maradhi haya. Nibebe, tuondoke."

Akambeba mgongoni, akashika njia ya bondeni kuomba hifadhi. Wachomaji wenzake walipoona hayo, waliweka mienge chini wakakataa kuwasha, na rundo likabaki baridi mpaka upepo ulipogeuka. Lakini Umaima hakufika. Alikata roho njiani, naye mumewe akaendelea kutembea kitambo akimsemesha, hana habari.

Wanawake wa kijiji wakaupokea mwili, wakauosha kwa heshima. Hawakuwahi kumwona maishani mwao.

"Baba," mmoja akauliza, "marehemu ni nani kwetu?"

"Jirani yenu," akajibu Mutarifu. Uani watoto wao walikuwa wakicheza.

Nikifika hapa, ndugu zangu, uchungu hunishika. Watu wale walizeeka bila kujua walikingwa na nini. Tumwombe Mola atujaalie jirani kama huyo, na kabla ya hapo, atujaalie kuwa yeye.