Kiti Kimoja Kutoka Saluni ya Sikudhani

Hapo zamani, na zamani yenyewe bado haijaota mvi, mjini Lindi palikuwa na saluni ya kusuka nywele. Mwenye saluni aliitwa Sikudhani. Saluni ilikuwa na viti vitano, vioo vitatu na runinga moja ukutani, na msinicheke nikisema runinga ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba. Kusuka rasta ndogondogo ni kazi ya saa sita. Saa sita mtu atazame nini, kisogo cha mwenzake?

Sikudhani alikuwa na msusi wake, Havijawa. Msichana mwembamba, mwepesi wa vidole, na Kiingereza cha kusoma alikuwa nacho. Yeye ndiye aliyetuletea tamthilia za Waasia kwenye flashi: za Thailand, za Taiwan, za Korea. Wenyewe wanasema lugha yao, chini pameandikwa Kiingereza, na Havijawa anatutafsiria. Mikono inasuka, macho yanasoma, mdomo unatafsiri. Na mnawajua watafsiri wetu wa filamu. Hawatafsiri tu, wanatia chumvi. Jina la kigeni likiwa refu, wanampa mtu jina la mtaani kwetu. Mtu akilia akakosa la kusema, wanamwazima maneno. Tumezoea hivyo na tunapenda hivyo.

Alikuwepo pia Bi Somoe, mzee wa miaka sabini na ushee, aliyekuja kila Jumamosi kusukwa mabutu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Kwenye runinga aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio! Bi Somoe ukikohoa uchochoroni anakuambia ni kifua au ni uwongo.

Siku moja Havijawa akaleta tamthilia mpya ya Thailand. Vijana wawili wa chuo, wamepanga vyumba vinavyotazamana. Havijawa akawabatiza, mmoja Chande, mwingine Hemedi. Na vijana hao walikuwa wanapendana. Sisemi urafiki, nasema mapenzi. Havijawa alijua tangu mwanzo, maana ameyasoma. Akatazama viti vitano, vyote vimekaliwa na kina mama wa Lindi. Akasema, "Hawa ni mtu na binamu yake."

Mtu na binamu yake! Sehemu ya kwanza, mtu na binamu yake wanapigania ufunguo. Sehemu ya pili, mtu anamnunulia binamu yake maua. Sehemu ya tatu, binamu analia mvuani kwa sababu binamu hajapokea simu. Sehemu ya nne wanatazamana dakika nzima bila kupepesa, na Havijawa anatuambia wanawaza habari za shamba la babu yao. Sisi wenye macho tukawa tunatazamana kwenye vioo. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwepo, kichwa changu kilikuwa mikononi mwa Havijawa, na vidole vile vikishika nywele zako huleti ubishi.

Sehemu ya tano, runinga ikanyamaza. Bi Somoe akauliza, "Mbona kimya? Wanafanya nini?"

Nikamjibu mimi. "Wanakula, bibi. Chande anamtolea mwenzake miba ya samaki."

Bi Somoe akasema, "Miba anakutolea mama yako ukiwa mdogo. Ukiwa mkubwa anakutolea anayekupenda. Havijawa, mjukuu wangu, hao si binamu."

Mikono ikasimama, macho yakasimama, mdomo ukasimama.

"Sio, bibi," Havijawa akasema. "Nimewadanganya. Nisameheni. Wanapendana."

Loo, pakachafuka! Mama Zubeda, mteja wa miaka yote, akainuka na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. "Sikudhani, zima runinga hiyo. Chagua, mimi au hao."

Sikudhani alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akaitazama runinga, akamtazama Mama Zubeda. "Kichwa chako nitakimalizia, mama. Runinga sizimi. Anayetaka kuondoka mlango huo, anayetaka kutazama kiti hicho."

Mama Zubeda akatoka vilevile, nusu na nusu, akapita sokoni hivyo hivyo ili watu wamuulize. Wakamuuliza. Wiki iliyofuata viti vinne vilikuwa vitupu. Wakamsema Sikudhani kisimani, wakamsema harusini, wakamsema hata kwenye msiba ambao marehemu hakuhusika. Sikudhani akafuta vioo vyake kila asubuhi, akawasha runinga, akangoja.

Basi Havijawa akaanza upya sehemu ya kwanza, safari hii kweli tupu. Na kweli ina utamu wake! Mmoja akachungulia mlangoni, akakaa. Wa pili akaja kusukwa nywele ambazo zilikuwa bado nzuri. Wa tatu hakuwa na nywele za kusuka, alikuja na ungo wake wa mchele akawa anachagua huku anatazama. Na maoni yakaanza. Mmoja anasema Hemedi anajidai mno, angekuwa wake angemnunia mwezi. Mwingine anasema hao hawajui kuigiza, wanaganda kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Yule wa ungo anasema, "Mimi siyakubali mambo yao, lakini leo nisipojua kama amepokea simu sitalala." Na huyo ndiye aliyewahi kufika kuliko wote.

Ikabaki sehemu moja. Hapo watengenezaji wakatoa tangazo, Havijawa akatusomea: mmoja wa vijana atakufa. Watazamaji wa dunia nzima watume maoni yao kwa sauti. Maoni yatakayowagusa kuliko yote, mwenyewe ataalikwa Thailand, akae kwenye kiti pembeni ya kamera siku ya kupiga picha sehemu ya mwisho, na jina lake litaandikwa kwenye tamthilia, watu wote walione.

Sikudhani akaweka simu mezani, inarekodi. "Haya, semeni."

Tukasema. Nani mzuri, nani ana mabega, mama mkwe afukuzwe. Upuuzi mtupu. Kisha Bi Somoe akasema, "Nisogezeeni hiyo simu."

Akasema hivi, na nayakumbuka yote:

"Nilikuwa na kaka yangu, Mfaume. Alikuwa na mwenzake, Salumu. Walikuwa mafundi nguo, cherehani mbili, baraza moja. Watu wakasema. Wakasema mpaka baba akasikia. Siku walipoondoka walipita mlangoni kwetu na mabegi, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, nimesimama na kata ya maji mkononi. Mfaume akaniambia, 'Somoe, haya.' Akangoja nimwambie kitu. Nilimuogopa baba, sikumwambia kitu. Hawakurudi. Sijui walifia wapi, wala sijui kama walikufa. Sasa nyie mnaotengeneza picha, hao wenu msiwaue. Ni hilo tu. Msiwaue."

Jamani, nililia, na aliyekuwa akinisuka alilia, ndiyo maana mstari wangu wa kati ulikwenda upande wiki tatu nzima.

Mchana ule Havijawa akaingia chumba cha nyuma na simu, akayaweka maneno yale kwa Kiingereza, kwa sauti yake, juu ya sauti ya Bi Somoe, kama watafsiri wetu wanavyofanya.

Asubuhi yake Bi Somoe akaja peke yake, anapapasa ukuta. Sikudhani alikuwa anafagia.

"Mwanangu, futa yale maneno. Miaka yote sijamtaja Mfaume mbele za watu. Naona aibu. Futa."

"Sawa, bibi, nitafuta," Sikudhani akasema.

Bi Somoe akaondoka. Sikudhani akaegemeza ufagio, akashika simu. Kidole kikaenda kwenye kufuta, kikarudi. Kikaenda tena, kikarudi tena. Akatuma.

Zikapita siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, saluni imejaa, simu ikalia. Barua pepe imekuja, ya Kiingereza. Ikabidi asome Havijawa, hakuna mwingine wa kuisoma. Akasoma, akatafsiri:

"Tumepokea maoni kutoka nchi nyingi kuliko tulivyotarajia. Ya kwenu yalitusimamisha kazi. Tulikuwa tumeandika kifo, tumekichana. Ni kwa sababu ya maneno yenu haya: 'Waacheni wazeeke.' Hatukuwahi kuwafikiria vijana wetu wakiwa wazee. Sasa tumeandika sehemu ya mwisho wana mvi, wanagombania miwani. Mwenye maoni haya aje. Kiti ni kimoja. Tuandikieni jina moja kabla ya Ijumaa adhuhuri."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa siku ile, kama Lindi imewaoza mabinti saba kwa mkupuo. Kanga zikarushwa juu. Bajaji zikasimama njiani zikapiga honi, madereva hawajui hata wanashangilia nini. Yule wa ungo akamwaga mchele wote akacheza na ungo. Saluni ya viti vitano imewafanya watu wa Thailand wachane karatasi zao! Viti vilivyosusiwa havikutosha siku ile, watu walikaa hadi juu ya ndoo. Tulishinda, nawaambia, tulishinda na nusu.

Bi Somoe peke yake hakupiga kigelegele. Alingoja tunyamaze.

"Kwanza, Sikudhani, nilikwambia ufute. Pili, nani kasema wazeeke? Mimi nilisema msiwaue. Sikusema wazeeke."

Havijawa akaweka kitana chini.

"Nilisema mimi, bibi. Nilitia chumvi."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo maneno yalipoanza, na kila mtu alisema lake waziwazi.

Bi Somoe akasema, "Kiti ni changu. Kaka ni wangu, mlango ni wangu, kata ya maji niliishika mimi. Bila Mfaume hakuna cha kutafsiri wala cha kutuma. Niliona aibu, kweli, nikataka yafutwe. Lakini sasa yameshatoka, na sioni aibu tena. Nataka jina lililoandikwa liwe la ukoo wake. Kama yuko hai mahali, na anatazama, alione ajue kwamba nimesema."

Havijawa akasema, "Bibi, nakuheshimu, lakini kiti ni changu. Maneno yako yalikuwa ya hapa Lindi, kule hawakuelewa hata moja. Waliyoyaelewa ni yangu. Na yaliyowachanisha karatasi ni yangu mara mbili, maana hukuyasema. Nilianza kwa kudanganya, ndiyo, mtu na binamu yake sehemu nne. Lakini kwenye barua hii ningeweza kuiruka sentensi ile, na nani angejua? Sikuiruka. Watafsiri tunatafsiri maisha yetu yote, na hujaona jina la mmoja wetu limeandikwa mahali."

Sikudhani, mwanamke wa maneno machache, akasema machache. "Kiti ni changu. Nilipoambiwa nizime, sikuzima. Viti vinne vilikaa vitupu, nikavifuta vumbi peke yangu. Bibi alisema nifute, nikamjibu sawa, nikamvunjia neno lake na langu. Kosa hilo ni langu, sitalikataa. Lakini kila mtu ajiulize: ningetii, leo Chande na Hemedi wangekuwa hai wote wawili?"

Tukagawanyika, nusu huku nusu kule, na mimi katikati na mstari wangu wa upande. Yule wa ungo akasema apewe Bi Somoe, umri wake hauna kusubiri. Mama Zubeda, naye alikuwa amekuja, kichwa amekimalizia kwingine na hakikupendeza, akasema apewe Sikudhani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemtesa na anajua alivyomtesa. Mimi nilimtaka Havijawa. Nilisikia alivyokuwa anapumua nyuma ya kisogo changu alipokiri, mara ile ya kwanza na mara ile ya pili.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, wale watatu wakafunga mlango wa saluni. Walipofungua, walikuwa wameshikana mikono, na jina moja lilikuwa limeandikwa na kutumwa. Mtu akapanda ndege. Mtu akakaa pembeni ya kamera, akawaona Chande na Hemedi wamepakwa mvi, wananyang'anyana miwani. Na tulipoitazama sehemu ya mwisho pale ukutani, jina likapita mbele ya macho yetu, na saluni nzima ikasimama.

Msiniulize lilikuwa jina gani. Nitawaambia nikishawasikia nyinyi. Mmoja aliyaishi maneno, akataka yafutwe. Mmoja alitia neno ambalo mwenyewe hakulisema, na hilo ndilo lililookoa. Mmoja alivunja ahadi, na bila kuvunja pasingekuwa na kitu.

Je, nani alistahili?