Foronya Zilizokuwa Ziwe Dekio

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, fundi Mbwana wa Lushoto alisimama sokoni akatangaza: "Atakayeshona mfuko wa kubebea chakula kwa nguo kuukuu za nyumbani, upendeze na utunze joto, cherehani hii yake!"

Cherehani nzima, jamani!

Uani kwetu walipanga vyumba wanawake watatu, wote hawana kazi. Mwanaidi alikuwa ameachika. Foronya zake za harusi, alizozidarizi mwenyewe "Lala Salama Mume Wangu", alizitupa kwenye ndoo ya kupigia deki. Chausiku, mpangaji mwenzake, akaziona.

"Wee! Maua yote haya yakasugue sakafu?"

Akazitoa, akazifua, akazikata, akashona kwa mkono mpaka vidole vikatoboka. Mfuko ukatoka bomba, ila walipoujaribu, wali ukapoa. Ndipo Bi Kijakazi, yule wa tatu, bibi wa watu mwenye blanketi moja tu, akalichana.

"Tia hili ndani, mwanangu. Mimi nitajikunja."

Siku ya mashindano, mifuko ikajazwa wali asubuhi, ikafunguliwa mchana. Mfuko wao tu ndio uliofuka moshi. Watu wakacheka, "Eti mume kalala kwenye wali!" lakini macho hayakubanduka kwenye yale maua. Ukashinda.

Basi Mwanaidi akadaka: "Cherehani yangu! Bila darizi yangu watu wangekodolea nini?"

"Si ulizitupa?" Chausiku akamaka.

"Nilizitupa. Nilikupa?"

"Eh! Saa hizi ungekuwa unafutia matope! Bila mimi kuna mfuko hapo?"

Bi Kijakazi akakohoa kikohozi kibaya. "Bila blanketi langu mngeleta pambo la ukutani. Na hii baridi, nani kalala nayo? Nyie?"

Mtu akasema watumie kwa zamu. Fundi Mbwana akakataa katakata! "Nampa mmoja. Msipomtaja kabla ya adhana ya alasiri, inarudi dukani kwangu."

Mnaona roho hiyo? Watu wamejitoboa vidole, wamelala na baridi, yeye anawagombanisha halafu anakaa kitako kusubiri adhana! Na nyinyi mnaonisikiliza msinichekeechekee. Muadhini keshafika msikitini, anatawadha. Mtajeni upesi, kabla yule mzee hajabeba cherehani yake: aliyezidarizi akazitupa, aliyeziokota akashona bila kuomba, au aliyelala bila blanketi?

Je, ni ya nani?